Siku 180 ziko mbili: kisa cha Mkenya aliyebadili mwajiri akiwa na H-1B

Mwishoni mwa Novemba 2022, Mkenya mmoja anayeishi Ohio na mumewe alipokea barua ya kazi kutoka benki kubwa. Yeye ni mchambuzi wa takwimu. Mshahara wa benki ulizidi ule wake kwa dola 31,000 kwa mwaka, benki ilikuwa tayari kumhamishia H-1B, yaani kibali cha muda cha kazi ya kitaalamu kinachoombwa na mwajiri, na ilitaka aanze kazi Januari. Mwajiri wake wa wakati huo alikuwa kampuni ndogo inayoishi kwa mikataba ya muda, na ndiyo iliyokuwa imemwanzishia safari ya ukaazi wa kudumu. Jioni hiyo alinipigia simu: "Kaka, makaratasi yangu yalipita Agosti. Si naweza kuondoka sasa?"

Kazi yangu ni kuandaa majalada katika ofisi ya wakili wa uhamiaji. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya dada huyu, na majina yote nimeyaacha. Nakieleza kwa urefu kwa sababu swali lake ni la watu wengi wetu huku, na jibu wanalopewa vijiweni, iwe "usithubutu" au "hama tu, sheria inakulinda", mara nyingi limekatwa nusu.

Kwanza, ni kitu gani hasa "kilipita" Agosti? Anayetafuta kadi ya kijani, yaani hati ya ukaazi wa kudumu, kupitia mwajiri huvuka hatua tatu, na kila hatua ina mwenyewe. Ya kwanza ni PERM: mwajiri anatangaza nafasi, anathibitisha kwa Wizara ya Kazi kwamba hakupata Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuichukua, na wizara inatoa cheti. Cheti hicho ni cha mwajiri huyo, kwa kazi hiyo, mahali hapo. Hatua ya pili ni fomu I-140, ambayo mwajiri anaipeleka USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji, kuomba mfanyakazi huyo apewe nafasi. Hii nayo ni ya mwajiri. Mfanyakazi anatajwa tu ndani yake. Ya tatu ni I-485, ombi la kubadilishiwa hadhi kuwa mkaazi wa kudumu. Hii ndiyo yake mwenyewe: anaiweka sahihi kwa jina lake na kupigwa alama za vidole kwa ajili yake.

Kwa dada yetu, PERM ilipelekwa Septemba 2021, na I-140 ikakubaliwa tarehe 22 Agosti 2022 katika daraja la EB-3, mojawapo ya madaraja ya kadi za ajira. Kampuni ilimtumia barua pepe ya pongezi, nyumbani wakachinja kuku. I-485 haikuwa imepelekwa kabisa. Wakati I-140 inaandaliwa alikuwa Kenya akimzika mama yake, na mwombaji wa I-485 sharti awe ndani ya Marekani siku ombi linapopelekwa. Aliporudi, likazuka jambo la cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, na cheti chake kiliandikishwa akiwa anajiandaa kuingia sekondari. Cheti kilichochelewa namna hiyo maofisa hawakitazami peke yake. Wanataka ushahidi mwingine wa zamani unaokiunga mkono. Ilibidi shangazi atafute kadi ya ubatizo parokiani, kisha yeye na mzee mwingine wa ukoo waape mbele ya wakili kwamba walikuwapo alipozaliwa. Ukiwa unasoma haya na cheti chako ni cha aina hiyo, anza kukusanya ushahidi huo leo, hata kama mwajiri hajataja PERM. Wazee wanaokumbuka siku uliyozaliwa hawaongezeki.

Kwa hiyo siku alipopiga simu, alichokuwa nacho mkononi kilikuwa I-140 yenye umri wa miezi mitatu. Je, ina uzito gani? Ina mambo mawili, na ni muhimu kuyatenga.

La kwanza ni tarehe ya foleni, yaani siku PERM ilipopokelewa. Kadi za kijani za ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka, zikihesabiwa pamoja na za waume, wake na watoto, na hakuna nchi moja inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7. Nchi inayotazamwa ni ya kuzaliwa, si ya pasipoti. Ndiyo maana Mkenya na Mtanzania wamesimama katika foleni ya jumla ambayo kwa kawaida ni fupi, huku mzaliwa wa India akisubiri miaka mingi sana. I-140 ikishakubaliwa, tarehe ya foleni inakuwa ya mfanyakazi. Anaweza kwenda kwa mwajiri wa pili, hata wa tatu, akaanza PERM upya, na bado akasimama pale pale alipokuwa kwenye foleni. Mwajiri wa zamani hata akiiondoa I-140, tarehe inabaki. Inapotea tu ikiwa I-140 imefutwa kwa udanganyifu, kwa PERM kubatilishwa, au kwa kosa kubwa la idara yenyewe katika kuikubali.

La pili ni uhai wa I-140 yenyewe, na huu una muda wake. Mwajiri akiiondoa kabla haijatimiza siku 180 tangu ikubaliwe, na hakuna I-485 iliyokaa muda huo, inakufa. Ikishatimiza, mwajiri anaweza kuandika barua ya kuiondoa lakini kumbukumbu ya kukubaliwa inabaki hai kwa manufaa ya mfanyakazi. Kanuni hii ilianza kutumika Januari 17, 2017, na imeokoa watu wengi.

Manufaa gani? Hapa ndipo hesabu ya dada yetu ilipokuwa mbaya kuliko alivyodhani. H-1B ina kikomo cha miaka sita. Yake ilianza Oktoba 1, 2018, kwa hiyo ilikuwa iishe Septemba 30, 2024, ukiongeza siku chache alizokuwa nje ya nchi, ambazo zinaweza kudaiwa. Kuvuka miaka sita kunahitaji sababu: I-140 iliyo hai, au PERM au I-140 iliyopelekwa angalau siku 365 kabla ya siku ambayo nyongeza inatakiwa kuanza. Nikamwomba aulize benki swali moja: PERM yao wanaanza lini? Jibu lilikuja siku ya tatu. Sera yao ni mfanyakazi amalize mwaka mmoja kwanza.

Hebu lipange hilo. Anaanza benki Januari 2023. Kampuni ya zamani inaondoa I-140 wiki hiyo hiyo, kama ilivyokuwa imewafanyia wawili waliomtangulia kuondoka. Benki inaanza maandalizi ya PERM Januari 2024. Kabla PERM haijapelekwa, wizara inatakiwa itaje kima cha mshahara, kisha matangazo yafanyike, na miezi inapita. Septemba 30, 2024 inafika na hakuna I-140 hai wala PERM ya benki iliyotimiza siku 365. Tarehe yake ya foleni ya Septemba 2021 iko salama kabisa, na yeye anatakiwa kufungasha. Nimeona watu wakiambiwa "tarehe yako haipotei" wakatulia, bila mtu kuwaambia kwamba tarehe ya foleni haimpi mtu ruhusa ya kukaa hata siku moja.

Kulikuwa na mumewe pia. Yupo kwa H-4, hadhi ya mwenzi wa mwenye H-1B, na kibali chake cha kazi, aina iliyoruhusiwa tangu 2015, kinasimama juu ya I-140 ya mkewe. I-140 ikifa, msingi wa kibali hicho unaondoka. Shemeji alikuwa akifanya kazi ya zamu kwenye ghala, na mshahara wake ndio uliolipa kodi ya nyumba. Zile dola 31,000 zikaanza kuonekana ndogo.

Njia ya tatu, ambayo hakuwa ameiwaza, ilikuwa wazi mbele yake. Novemba 2022 foleni ya EB-3 kwa wazaliwa wa Kenya haikuwa na kizuizi. Angeweza kupeleka I-485 mara moja. Na I-485 ikishakaa siku 180 bila uamuzi, sheria ya mwaka 2000 inayoitwa AC21 inamruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine katika kazi ileile au inayofanana nayo, na ombi lake likaendelea juu ya I-140 ya mwajiri wa zamani. Hakuna PERM mpya wala I-140 mpya. Anajiunga na mwajiri wa pili, lakini msafara wa ukaazi hauanzi upya.

Ndiyo maana nasema siku 180 ziko mbili. Za kwanza zinahesabiwa tangu I-140 ikubaliwe, na kazi yake ni kuilinda I-140 isiuawe na mwajiri. Za pili zinahesabiwa tangu I-485 ipokelewe, na ndizo zinazokupa haki ya kuhama na ombi lako. Aliyetimiza za kwanza peke yake akahama, ataanza PERM upya na mwajiri mpya. Aliyetimiza za pili akahama, anaendelea. Nimeketi na watu wenye shahada mbili, wameshaacha kazi, wakiamini wamevuka kumbe wamevuka zile za kwanza tu.

Dada aliitolea benki shukrani na kukataa. Haikuwa rahisi, na sitaki kuipamba. Aliniambia alilia garini kwenye maegesho. Siku iliyofuata alimwendea meneja wake, wakiwa bado wanaelewana vizuri, akaomba kampuni imsainie Nyongeza J, fomu inayothibitisha kwamba nafasi iliyotajwa kwenye I-140 bado ipo na wanamtaka. I-485 ikipelekwa peke yake baada ya I-140, fomu hiyo inahitajika. Meneja alisaini. Kama angekuwa ametaja barua ya benki kwa mtu yeyote kazini, sijui kama sahihi hiyo ingepatikana.

Kilichofuata kilikuwa mbio. Daktari aliyeidhinishwa alimpima na kufunga matokeo kwenye bahasha isiyoruhusiwa kufunguliwa. Kwa kifua kikuu alipimwa damu, na hilo lilimpa nafuu, kwani kipimo cha ngozi kinaweza kutusumbua tuliochanjwa BCG, chanjo ya ugonjwa huo, utotoni. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo na viapo viwili viliwekwa kwa mpangilio, na palipokuwa na Kiswahili, tafsiri ya Kiingereza juu, asili chini. Ada ilikuwa dola 1,225 kwa kila mtu. Kampuni ililipa yake, wao wakalipa ya mume. Majalada yote mawili yalipokelewa Desemba 12, 2022. Siku ya 180 ingekuwa Juni 10, 2023.

Februari 18, 2023 I-140 ilitimiza siku 180 zake, na wiki chache baadaye kampuni ikapunguza wafanyakazi. Ilikuwa majira ambayo kampuni za teknolojia nchi nzima zilikuwa zikiachisha watu. Timu yake ikabaki nusu. Alinipigia usiku, sauti imekauka: wakimwachisha kesho, itakuwaje?

Hili lina jibu refu kidogo. Aliyeachishwa akiwa na H-1B anapewa hadi siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine, au hadi kibali chake kiishe ikiwa kinaisha mapema. Mwenye I-485 inayosubiri ana kinga ya ziada, kwa kuwa anaruhusiwa kubaki wakati ombi linasubiri, na kibali chake cha kazi cha I-485 kikishatoka anaweza kufanya kazi kwingine. Tena kadi ya kijani hutolewa kwa kazi itakayofanyika baada ya kadi kutoka, si kwa kazi ya leo, kwa hiyo kuachishwa hakuliui ombi siku hiyo hiyo. Kinachosumbua ni kwamba mwajiri aliyekuachisha ni vigumu kusema bado anakutaka, na ofisa akilifungua jalada kabla ya siku ya 180 ombi halina mahali pa kusimama. Nilimwambia ukweli huo wote. Hatukuwa na dawa nyingine isipokuwa kusubiri, na yeye aendelee kufanya kazi nzuri.

Hakuachishwa. Mei benki ile ile ilitangaza nafasi nyingine, mshahara ukiwa chini kidogo kuliko wa mwanzo, naye akaomba na kuipata. Safari hii mambo mawili yalihitaji uangalifu.

Kwanza, je, kazi ni "inayofanana"? Kazi kwenye PERM ilikuwa na namba ya Wizara ya Kazi ya mtakwimu, 15-2041. Ya benki ilikuwa ya mwanasayansi wa data, 15-2051. Namba za mwanzo zikilingana ni dalili njema, lakini ofisa husoma majukumu. Tuliweka maelezo ya kazi zote mbili kando kwa kando na kumwomba ofisa wa rasilimali watu wa benki aandike majukumu halisi badala ya maneno ya kuvutia waombaji. Rasimu yao ya kwanza ilimwita "kiongozi wa ubunifu wa bidhaa". Sentensi ile ingeweza kumletea maswali ya miezi, ilhali kazi yenyewe ni mifano ya takwimu ya kukadiria nani atashindwa kulipa mkopo. Mshahara kupanda si tatizo peke yake, watu hupandishwa. Mji kubadilika pia si kikwazo chini ya AC21, japo PERM ilifungwa kwenye mji mmoja.

Pili, ahamie kwa kibali kipi? Kibali cha kazi cha I-485 alikuwa ameshakipata, na benki ilikipenda kwa sababu hakina gharama kwao. Wakili wetu alisisitiza ahame kwa H-1B, nami nakubaliana naye kabisa. Anayefanya kazi kwa kibali cha I-485 amesimama kwenye ombi hilo peke yake; likikataliwa, amebaki bila hadhi. Mwenye H-1B hai ana sakafu chini yake. Benki ikapeleka ombi la H-1B, na kwa kuwa sheria inaruhusu kuanza kazi mara ombi la mwajiri mpya linapopokelewa bila kungoja likubaliwe, aliripoti Jumatatu, Juni 26, 2023. Julai tukapeleka Nyongeza J mpya yenye sahihi ya benki, bila kusubiri tuulizwe.

Kati ya kazi moja na nyingine alitaka kwenda Kenya wiki mbili, kwenye kumbukumbu ya mama. Wakili akamzuia. Mwenye I-485 akitoka nje bila kibali cha safari anahesabiwa ameliacha ombi lake. Wenye H-1B wamesamehewa, ila kanuni inazungumzia anayerudi kuendelea na kazi kwa mwajiri yule yule aliyeidhinishiwa. Aliyemwacha mmoja na hajaanza kwa mwingine yuko wapi katika maneno hayo? Hapo si mahali pa kujaribia bahati. Familia ilisogeza kumbukumbu hadi Desemba.

Halafu Agosti ikaja na kishindo. Taarifa ya Visa ya kila mwezi, inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje, ilirudisha EB-3 ya foleni ya jumla hadi Mei 1, 2020, yaani kadi zingetolewa kwa wenye tarehe ya foleni iliyotangulia siku hiyo tu. Tarehe yake ya Septemba 2021 ikawa nje ya mstari. Angekuwa hajapeleka I-485, mlango ungefungwa usoni. Kwa kuwa ilikuwa imeshapelekwa, ombi liliganda tu: halikukataliwa, naye aliendelea kwenda kazini na shemeji vilevile. Oktoba mwaka mpya wa bajeti ulipoanza, mstari ukasogezwa mbele ukaipita tarehe yake. Kadi zao mbili zilifika Januari 2024.

Tangu kisa hiki kiishe, jambo moja limeongeza uzito wa kutokosea. Tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani. USCIS imeeleza kwamba aliye ndani na hadhi yake ni safi, anayebadili mwajiri, haguswi. Anayelazimika kuondoka kwa sababu miaka sita imekwisha asitarajie kwamba mwajiri atamrudisha kwa urahisi kama zamani.

Lilibaki deni. Mkataba wa kampuni ya zamani ulisema akiondoka kabla ya miaka miwili baada ya I-140, atarudisha "gharama zote za kadi ya kijani". Walimletea ankara: wakili wa PERM, matangazo ya kazi, I-140, I-485. Watu wengi hulipa kwa hofu. Tangu 2007 kanuni za Wizara ya Kazi zinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za PERM kwa njia yoyote, kabla au baadaye, na saini ya mfanyakazi kwenye mkataba haiihalalishi. Gharama za I-485 ni jambo jingine. Hizo zinaweza kudaiwa. Wakili wetu aliandika barua ya ukurasa mmoja akitaja kanuni hiyo. Kampuni ikafuta mistari ya PERM na ya I-140, dada akalipa dola 1,225 za I-485, akaomba stakabadhi na nakala ya barua ya kukubaliwa kwa I-140, ambayo kampuni haikuwa imempa tangu mwanzo. Stakabadhi walimpa. Nakala walisema ni mali yao, akaiomba USCIS kwa sheria ya haki ya kupata taarifa za serikali, na wakamtumia.